Yoga kwa Afya ya Mwili Mjini Mombasa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maelezo haya yamekusudiwa mkazi wa Mombasa ambaye amesikia habari za yoga, pengine kwa daktari wake au kwa rafiki yake wa kazini, na ana maswali ambayo huona haya kuyauliza mbele ya darasa zima. Majibu yanahusu yoga kama mazoezi ya mwili na utulivu wa nafsi, katika mji wenye joto, unyevu na shughuli nyingi kama huu wetu.

Yoga hasa ni nini?

Ni elimu kongwe ya Bara Hindi yenye matawi mengi: maadili, tafakuri, udhibiti wa pumzi na mikao ya mwili. Yoga inayofundishwa leo katika kumbi za mazoezi imechukua zaidi matawi mawili ya mwisho, na sura yake ya sasa haina umri mkubwa kama wengi wanavyodhani. Sehemu kubwa ya sura hiyo ilijengwa na T. Krishnamacharya, aliyefundisha katika mji wa Mysore miaka ya 1930, pamoja na wanafunzi wake. Mmoja wao, B.K.S. Iyengar (1918–2014), alisisitiza usahihi wa kila mkao na akawazoesha watu kutumia viti, mikanda na vipande vya mbao ili hata mzee au mgonjwa aweze kushiriki. Mengi ya ushauri uliomo humu yanafuata mkondo huo, kwa kuwa ndio unaomfaa mtu mzima anayeanza bila ya kuwa na mwili wa mwanasarakasi.

Mimi ni Mwislamu. Je, yoga si ibada ya Kihindu?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini kuliko mengine yote, nalo linastahili jibu la wazi. Ni kweli kwamba yoga ilikulia ndani ya dini na falsafa za India, na wapo wanaoifanya hadi leo kwa nia ya ibada. Ni kweli pia kwamba mamilioni ya watu huifanya kama wanavyofanya mazoezi mengine yoyote ya viungo, bila ya dua wala nyimbo. Wanazuoni wa Kiislamu wamelizungumzia jambo hili hadharani: Baraza la Taifa la Fatwa la Malaysia lilitoa katazo mwaka 2008, likilenga yoga inayochanganya mwendo wa mwili na maneno ya ibada ya dini nyingine, na Baraza la Maulamaa la Indonesia likafuata mwaka 2009 kwa kukataza ile yenye ibada ndani yake huku likiruhusu ile ya mazoezi matupu. Saudi Arabia, kwa upande wake, iliitambua yoga kuwa shughuli ya michezo mwaka 2017.

Mwenye kutaka hukumu ya dini na amwendee sheikh wake, au padri au mchungaji wake ikiwa ni Mkristo, na amweleze kinaganaga kile anachokusudia kufanya, kwa sababu jibu hutegemea sana maelezo hayo. Kwa upande wa vitendo, muulize mwalimu kabla ya kulipa: je, darasani huimbwa chochote? Kuna sanamu au ubani? Ule mfululizo maarufu wa mikao unaoitwa salamu kwa jua, ambao wengine huuona kama ibada ya jua, unafanywa au la? Mfululizo huo unaweza kuachwa kabisa, na mikao iliyomo ndani yake ikafanywa mmoja mmoja kwa mpangilio mwingine, wala mwili haupungukiwi na kitu. Mwalimu anayeudhika kwa kuulizwa maswali haya hafai kufundisha mji kama Mombasa, ambamo msikiti, kanisa na hekalu vinaweza kuwa katika mtaa mmoja.

Mwili wangu umekakamaa, siwezi hata kugusa vidole vya miguu. Nitaweza kweli?

Utaweza, na kugusa vidole si sharti. Ugumu unaouhisi unapoinama mara nyingi hutoka nyuma ya mapaja na kwenye nyonga, sehemu ambazo hukaza kwa mtu anayeshinda kitini, iwe ni kiti cha ofisi, cha matatu au cha tuktuk. Anayelazimisha mikono ifike chini huishia kuupinda mgongo wa chini, na hapo ndipo wengi wanapojiumiza siku ya kwanza. Kunja magoti kidogo, inama kuanzia kwenye nyonga, na ukomee pale pumzi inapoanza kuwa nzito. Maumivu makali, ganzi, au hisia ya kuchomwa ndani ya kiungo ni amri ya kusimama. Mvutano wa wastani katikati ya msuli ni jambo la kawaida.

Nianze na mikao gani?

Mikao michache inatosha kwa miezi ya mwanzo, na nitaieleza miwili kwa urefu kwa sababu ndiyo yenye faida kubwa kwa gharama ndogo.

Wa kwanza unahitaji leso moja. Lala chali sakafuni, mguu mmoja umenyooka chini. Kunja leso kwa urefu mpaka iwe kama mkanda, ipitishe kwenye wayo wa mguu wa pili karibu na kisigino, kisha shika ncha zake mbili na uunyanyue mguu huo kuelekea juu. Mabega yabaki chini, shingo ilegee, na taya lisikazwe. Goti likikataa kunyooka, liache lijikunje kidogo, kwa kuwa kazi inafanyika nyuma ya paja hata hivyo. Kaa hapo kwa pumzi tano hadi nane za taratibu, teremsha mguu polepole bila ya kuuangusha, kisha geukia mguu mwingine. Wengi hugundua hapo kwa mara ya kwanza kwamba mguu mmoja ni mgumu kuliko mwenzake. Mgongo wakati wote huo umelala sakafuni, kwa hiyo hauna nafasi ya kupindika vibaya, na ndiyo maana mkao huu ni salama kwa anayeanza kuliko kuinama akiwa amesimama.

Wa pili hufanywa ukutani. Simama ukiutazama ukuta, weka viganja juu yake kwa usawa wa nyonga, kisha rudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kiwiliwili na mikono viwe mstari mmoja, sambamba na sakafu, na miguu iwe wima chini ya nyonga. Sukuma ukuta kwa viganja na wakati huohuo vuta nyonga nyuma. Kichwa kibaki baina ya mikono, kisining'inie. Mkao huu hufungua mabega na mgongo wa juu kwa watu wanaoinamia simu au cherehani kutwa, na hauvilemei viganja kama ule wa kuinama kwa mikono na miguu sakafuni.

Ongeza hapo mkao wa kusimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta, mkao wa mpiganaji (kusimama miguu ikiwa imepanuliwa na goti la mbele limekunjwa) ambao hujenga mapaja, daraja la kulala chali na kuinua nyonga, na kujipinda kwa upole ukiwa umeketi kwenye kiti. Mwishoni lala chali dakika tano bila ya kufanya lolote. Watu wengi hupenda kuikatiza sehemu hii ili wawahi shughuli zao, ilhali ndiyo inayoufundisha mwili kutulia.

Saa ngapi ni bora, kwa joto hili la pwani?

Asubuhi mapema, bila ya shaka. Jua la Mombasa huchomoza karibu na saa kumi na mbili au nusu saa baadaye, kutegemea mwezi, na saa moja ya kwanza baada ya hapo ndiyo yenye hewa ya kuvumilika. Anayeamka kwa sala ya alfajiri tayari ana nafasi hiyo mkononi kabla nyumba haijachangamka. Nafasi ya pili ni jioni, jua likishapungua ukali na upepo wa bahari ukiwa bado unavuma.

Majira nayo yana hesabu yake. Wakati wa kaskazi, hasa Februari na Machi, joto hupanda hadi kiasi cha digrii 32 na unyevu huwa mwingi, hivyo jasho hutiririka bila ya kukauka na mwili hushindwa kujipoza ipasavyo. Katika miezi hiyo punguza mikao ya nguvu, fungua madirisha ya pande mbili ili hewa ipite, na ukisikia kizunguzungu, kichefuchefu au kichwa kuuma, acha mara moja, kaa mahali penye ubaridi na unywe maji kidogo kidogo. Wakati wa kusi hali huwa nafuu na ndipo mtu anapoweza kuongeza bidii. Ipo aina ya yoga inayofanywa katika chumba kilichopashwa joto hadi takriban digrii 40, na watu wa nchi za baridi huilipia pesa nyingi. Sioni sababu ya mtu wa Makupa kuitamani.

Je, naweza kufanyia ufukweni?

Unaweza, na ni raha iliyoje, lakini uangalie maji kwanza. Fukwe za Nyali, Bamburi na Shanzu hutazama mashariki, kwa hiyo asubuhi jua hukupiga usoni moja kwa moja. Tofauti ya maji kujaa na kupwa huzidi mita 3 wakati wa bamvua, na siku hizo, baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa alfajiri na tena alasiri, jambo ambalo huacha ukanda mwembamba tu wa mchanga kwa yule aliyekuja mapema. Saa za maji husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, hivyo darasa la saa moja ile ile halitakuta ufuo ule ule wiki nzima. Wavuvi wanaijua hesabu hii kwa ghibu, waulize.

Chagua mchanga ulioloa na kushikana, kwa kuwa mchanga laini huzamisha viganja na kuvikunja vifundo vya mikono kupita kiasi, tena hufanya kusimama kwa mguu mmoja kuwa kazi ya bure. Epuka mteremko, kwani mguu mmoja hubaki juu na mwingine chini na nyonga huumia. Wikendi, ufuo wa umma wa Bamburi huwa na wachezaji mpira, wauza vitu na hata ngamia, kwa hiyo anayetafuta utulivu atauona zaidi siku za kazi. Kwa mkazi wa kisiwani, pale Mama Ngina kuna kivuli cha mibuyu na upepo wa mkondo wa Likoni.

Nahitaji kununua vifaa gani?

Karibu hakuna. Mkeka wa ukili ni mzuri kwa kuketi na kulala, ila juu ya vigae huteleza, na mkao wa kusimama juu yake ni hatari. Kwa mikao ya kusimama, nyayo tupu juu ya sakafu kavu ni salama zaidi. Ukinunua mkeka wa mpira, wenye unene wa milimita 4 hadi 6 unatosha, kwani uliozidi hapo hulegea chini ya mguu na kuyumbisha. Uoshe mara kwa mara na uuanike kivulini, kwa sababu unyevu wa hapa huotesha ukungu upesi, na jua kali huukausha ukapasuka. Leso huwa mkanda, mto mgumu huwa kiti, na kiti cha plastiki kisichotingishika, kikiegemezwa ukutani, huwa msaada wa kila kitu kingine.

Nivae nini, na je, kuna haja ya kuchanganyika wanaume na wanawake?

Vaa nguo pana inayokuruhusu kukunja goti na kunyanyua mkono bila ya kuifikiria. Suruali ya pamba na shati refu lenye mikono vinatosha kwa mwanamke anayejisitiri, na mtandio mwepesi ubanwe usije ukafunika uso ukiinama. Dera halifai kwa mikao ya kusimama kwa sababu mguu hunasa kwenye pindo. Darasa la wanawake peke yao, lenye mwalimu mwanamke na pazia mlangoni, ni ombi la kawaida ambalo halihitaji kuombewa radhi. Vinginevyo, sebule yako mwenyewe, watoto wakishakwenda shule, ni ukumbi tosha.

Nile kabla au baada?

Baada. Aliyeshiba mahamri na mbaazi angoje saa mbili hadi tatu. Njaa ikikusumbua, ndizi moja nusu saa kabla haina neno.

Yoga itanipunguza tumbo?

Peke yake, kwa kiasi kidogo sana. Yoga ya taratibu hutumia nguvu inayokaribiana na ile ya kutembea kwa mwendo wa wastani au pungufu yake, na hakuna zoezi linaloyeyusha mafuta ya mahali pamoja tu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Mikao ya kusimama inaweza kuchangia kwenye misuli, lakini kwa moyo na mapafu ongeza kutembea kwa haraka, kuogelea au baiskeli. Anayekuahidi tumbo bapa kwa mwezi mmoja wa yoga anauza maneno. Faida za yoga ziko kwingineko: wepesi wa viungo, usawa wa mwili, usingizi kwa baadhi ya watu, na namna mtu anavyoanza kujua kwamba amekaza mabega hata kabla hajaanza kuumwa.

Mgongo wangu wa chini unauma kwa miezi sasa. Je, itanisaidia?

Huenda ikasaidia. Mwaka 2017 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kiliiweka yoga miongoni mwa njia zisizo za dawa za kushughulikia maumivu ya muda mrefu ya mgongo wa chini. Dereva wa masafa marefu, mchukuzi wa mizigo wa bandarini na karani wa benki wote huumwa mgongo, ila kwa sababu tofauti, na mwalimu mzuri atawapa mambo tofauti: wa kwanza afungue nyonga, wa pili apumzishe mgongo na aimarishe tumbo, wa tatu ainuke kitini mara nyingi zaidi. Maumivu yanayoteremka mguuni pamoja na ganzi au udhaifu, yanayoandamana na homa, yaliyoanza baada ya kuanguka, au yanayoleta shida ya haja ndogo na kubwa, yapelekwe hospitali kwanza.

Nina presha, au sukari, au ni mjamzito. Nifanye nini?

Umwone daktari wako kabla ya kuanza, na umwambie mwalimu ukweli wote. Presha isiyodhibitiwa haiendi pamoja na mikao ya kichwa chini wala kubana pumzi. Inuka polepole kila unapotoka kulala, hasa ikiwa unatumia dawa, kwa sababu damu huchelewa kufika kichwani. Mwenye presha ya macho asigeuze kichwa chini hata kwa dakika moja, kwani mkao huo huongeza shinikizo ndani ya jicho, na vivyo hivyo mwenye kisukari kilichogusa macho yake. Anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari aipime kabla, aweke karibu kitu kitamu, na akague nyayo zake baada ya kufanya mazoezi pekupeku. Mifupa iliyopungua uimara haipendi kuinamia mbele kwa nguvu wala kujipinda sana.

Mjamzito, baada ya ruhusa ya kliniki, aache kulala kifudifudi, kujipinda tumbo na mazoezi ya mahali penye joto. Mimba ikishafika katikati asikae chali kwa muda mrefu, bali apumzike kwa ubavu. Viungo vyake hulegea zaidi katika kipindi hicho, kwa hiyo mkao anaouweza leo kwa urahisi usimdanganye akaenda mbali.

Kwa nini pumzi inasisitizwa sana?

Kwa sababu, kati ya kazi ambazo mwili hujifanyia wenyewe, pumzi ndiyo unayoweza pia kuiendesha kwa hiari. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Akipunguza hadi kiasi cha mara sita, kwa kuvuta kwa pua na kutoa kwa utulivu na kwa muda mrefu zaidi, mapigo ya moyo hutulia na misuli hulegea. Weka kiganja juu ya tumbo: pumzi ikiingia kiganja kinyanyuke, ikitoka kishuke, na kifua kibaki kimya. Dakika tano za hivi katika foleni ya feri zinafaa kuliko kupiga honi.

Mwezi wa Ramadhani niache?

Punguza, usiache. Nusu saa ya mikao ya kulala na kuketi kabla ya magharibi inawezekana kwa mtu mwenye afya, kwa kuwa maji na futari viko karibu. Mikao ya nguvu isubiri baada ya tarawehe.

Nitamjuaje mwalimu mzuri, na je, video za simu hazitoshi?

Mwalimu mzuri huuliza habari za afya yako kabla ya kuuliza ada. Hukupa njia mbadala ya kila mkao, hakusukumi mwili kwa mikono yake bila ya idhini, wala hadai kwamba yoga inatibu saratani au kwamba unaweza kuacha dawa. Cheti cha mafunzo ya saa 200 ndicho cha kawaida duniani, nacho ni cha ualimu wa yoga tu, hakimgeuzi mtu kuwa tabibu wa viungo. Video ni nzuri kwa kukumbushia ulichokwisha kujifunza, ila haioni goti lako linapoingia ndani. Hata madarasa machache ya ana kwa ana mwanzoni yanaweza kukuokoa na makosa ya miaka.

Nikiacha kwa wiki kadhaa, nianze upya?

Rudi na nusu ya muda uliokuwa ukiufanya, anza na mikao ya kulala, na uongeze kidogo kila wiki. Dakika 15 kwa siku nne au tano zinaupa mwili nafasi ya kuzoea kuliko saa mbili za Jumapili, ambazo humwacha mtu na maumivu hadi Jumatano. Ikiwa uliacha kwa sababu ya ugonjwa au jeraha, anza pale daktari aliporuhusu, hata kama wenzako darasani wamekwisha kufika mbali.